Judith Leyster alijichora akiwa kazini, kisha akafuta uso wake kwenye turubai la nyuma

Brashi_na_Rangi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu wote.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu, leo naanzisha uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu, nitautoa kwa vipande. Nataka tuzungumzie picha moja tu.

Kwanza mjue ninapotokea. Mimi ni mwanamke, mchoraji wa sura. Nina kibanda pembeni ya kituo cha daladala. Mtu ananiletea picha ndogo ya pasipoti ya marehemu baba yake, au picha ya harusi kwenye simu, naichora kwa ukubwa wa kutundika sebuleni. Huu ni mwaka wa saba. Karibu kila wiki huingia mteja akanikuta na brashi mkononi, rangi imefika hadi kwenye kiwiko. Ananisalimia vizuri kabisa, halafu anauliza: "Dada, fundi mwenyewe yuko wapi?"

Kwa hiyo siku nilipokutana na picha ya binti huyu sikuweza kuipita.

Anaitwa Judith Leyster. Alibatizwa Julai 1609 katika mji wa Haarlem, Uholanzi. Picha aliyojichora ni ya karibu mwaka 1630, kwa maana hiyo alikuwa na miaka 21 hivi. Leo iko Washington, katika National Gallery of Art, waliyoipokea kama zawadi mwaka 1949. Ni rangi za mafuta juu ya turubai, kimo sentimita 74.6 na upana 65.1. Ukubwa huo hata mtu wa chumba kimoja anapata ukuta wa kuitundika.

Ameketi kwenye kiti, amegeuka kututazama, ni kama tumesukuma mlango na kumkuta katikati ya kazi. Kiwiko cha kulia kimetulia juu ya mgongo wa kiti na mkono huohuo umeshika brashi. Mkono wa kushoto umebeba paleti (kibao cha kuchanganyia rangi), kitambaa na fungu zima la brashi. Amevaa kofia nyeupe, kola pana sana na lesi kwenye mikono ya gauni. Mdomo umefunguka kidogo, anataka kusema kitu. Nyuma yake, kwenye stendi ya kuchorea, kuna picha ambayo haijaisha: mwanamume anacheka huku akipiga fidla.

Ukiitazama haraka unaona binti mchangamfu, basi. Ila hapo alipokaa yule mpiga fidla, mwanzoni alikuwepo mtu mwingine. Wataalamu walipoipima turubai kwa mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni lakini unapenya rangi ya juu, chini ya rangi ya yule mwanamume wakaona uso wa msichana. Kwa maoni ya wengi ni uso wake mwenyewe. Yaani alianza kwa kujichora akiwa anajichora. Kisha akabadili mawazo, akaufunika uso wake, akamweka mcheza muziki juu yake.

Kwa nini? Hapo ndipo nataka tukae.

Naendelea baadaye kidogo, nina mteja.

---

Cherehani_Moja

Dada nimeweka kambi hapa. Mimi ni fundi wa nguo, sijui uchoraji, lakini nimeitafuta hiyo picha na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye kola. Ile imetiwa wanga mwingi ndiyo maana imesimama vile. Kuifua, kuitia wanga na kuipiga pasi ni kazi ya mtu siku nzima. Hakuna fundi wa rangi anayeingia kazini na kitu kama kile, tone moja tu la mafuta na imeharibika. Sasa huyu binti kweli alichora akiwa amevaa hivyo?

---

Brashi_na_Rangi

Dada Cherehani, umeanza palepale nilipotaka kufika.

Hakuchora akiwa amevaa hivyo. Wachoraji wa siku zile nao walikuwa na nguo za kazi, nguo zinazoruhusiwa kuchafuka. Hii ni nguo ya kutoka, nguo ya kupokea wageni. Amejivisha makusudi ili mteja aone anazungumza na mtu anayejiweza.

Na ukijua hali ya kwao, kola ile inakuwa na uzito mwingine. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, kisha akanunua kiwanda cha bia kilichoitwa Leyster, yaani nyota ya kuongoza njia. Familia ikachukua jina la kiwanda. Mwaka 1625 hivi mzee akafilisika. Judith alikuwa na miaka 16. Mwaka 1628 wakahama Haarlem wakaenda Vreeland, karibu na Utrecht. Mwaka uliofuata tayari tunaona picha zenye alama yake na tarehe 1629.

Kwa hiyo binti anayetutazama kwa utulivu wote huo ametoka kwenye nyumba iliyoanguka. Kiwanda kimekwenda. Kilichobaki ni jina, na jina lenyewe ni nyota. Alama aliyokuwa akiiweka kwenye kazi zake ni herufi J na L zilizounganishwa, na nyota inachomoza pembeni. Mimi kila nikiitazama ile nyota naona kama alikuwa anakomboa mali ya baba yake kwa njia aliyoiweza.

Sasa turudi kwenye uso uliofutwa.

Haarlem wakati ule ilikuwa imejaa wachoraji. Mkubwa wao kwa sura za watu alikuwa Frans Hals. Kulikuwa na aina mbili za kazi zilizoleta riziki. Ya kwanza ni picha za sura: tajiri anakaa, unamchora, analipa. Ya pili ni picha za starehe: vijana wanakunywa, wanacheza, wanapiga ala. Hizi unazichora bila kuagizwa, unaziweka sokoni, mtu akipita akaipenda anaondoka nayo.

Mwanzoni Judith alikuwa na sura mbili zake mwenyewe kwenye turubai moja. Ni ustadi mkubwa, lakini kwa mteja ni neno moja limesemwa mara mbili: najua kuchora sura. Alipomweka mpiga fidla, turubai ikawa na maneno mawili. Uso wangu huu hapa, uone navyoweza kuchora mtu. Na nyuma yangu hiyo hapo karamu, uone navyoweza kuchora furaha. Ukiwa na haja ya lolote kati ya hayo, umefika.

Yule mpiga fidla hakutoka hewani pia. Yumo kwenye picha yake nyingine ya vijana wanaostarehe ya miaka hiyohiyo. Aliyekuwa ameiona picha ile, akifika kwenye hii angemtambua mara moja: aah, kumbe wewe ndiye uliyemchora yule. Kwa hiyo kwa macho yangu yule mwanamume ni kama saini yake. Ameweka kazi yake mahali pa uso wake, na kazi ile inasema jina lake kwa sauti kuliko uso ulivyoweza.

Hayo ni mawazo yangu, mnaruhusiwa kunikosoa.

---

Mzizi_wa_Mkoko

Mleta uzi nakupongeza kwa andiko, ila mimi nakupinga kidogo kwa heshima.

Unalisifia lile badiliko kama busara ya biashara. Mimi naliona kwa huzuni. Binti wa miaka 21 alikuwa na wazo ambalo ni lake kabisa: mchoraji anajichora akijichora, msichana mbele na msichana nyuma. Soko likamwambia hapana, hilo haliuziki, weka mwanamume anayecheka. Akatii. Picha aliyoitaka yeye iko chini ya rangi, na tunayoitazama ni ile waliyoitaka wengine. Kama kweli picha ya kujichora inafichua mtu, basi aliyefichuliwa hapa ni msichana aliyejifunza mapema kujifunika.

---

Brashi_na_Rangi

Kaka, au dada, hili limenigusa. Nimekaa nalo tangu asubuhi.

Sikubaliani nawe lote, na sababu ni ule mdomo. Mtu aliyetii kwa uchungu hachori mdomo ule. Nenda utazame tena. Midomo imeachana kidogo, shavu limepanda, anaanza kucheka au anaanza kusema. Kwa sisi wachoraji mdomo wazi ni mtego mbaya. Ukikosea uzi mmoja wa kivuli mtu anakuwa kama anaumwa jino. Ndiyo maana wateja wengi tunawaambia "funga mdomo, tulia". Yeye alichagua ugumu huo juu ya uso wake mwenyewe, mahali ambapo asingeweza kumlaumu mteja kwamba alitikisika.

Na lile fungu la brashi. Zihesabu, ni 18. Hapa kibandani kwangu nikiwa na kazi kubwa nashika 5, labda 6. Sababu ya kushika nyingi ni kwamba kila rangi inakuwa na brashi yake, huhitaji kuosha katikati ya kazi ukapoteza mwendo. Lakini 18 mkono mmoja, pamoja na paleti na kitambaa, ni kujionyesha wazi kabisa. Anasema: mikono yangu hii inabeba.

Mkao wenyewe pia ni wa kuthubutu. Kuegemeza kiwiko kwenye mgongo wa kiti ukageuka kumtazama anayeingia, huo ni mkao ambao Frans Hals aliutumia kwa wanaume. Upo kwenye picha ya mfanyabiashara Isaac Massa ya mwaka 1626. Mwanamke wa heshima alichorwa ametulia, mikono imewekwa vizuri. Judith akachukua kiti cha wanaume akakikalia.

Kwa hiyo mimi naona mtu aliyejua anachokifanya. Lakini hoja yako kwamba chini ya rangi kuna wazo lililokuwa lake zaidi, hiyo siwezi kuikataa. Huenda vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja. Nimewahi kufuta kitu nilichokipenda kwa sababu kodi ya kibanda ilikuwa inaisha Ijumaa, na picha iliyotoka ikawa nzuri. Bado nakikumbuka kile nilichofuta.

---

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, nimesoma kila ulichoandika. Nimefundisha historia kwa miaka mingi na sikuwahi kulisikia jina la mama huyu. Rembrandt nilimjua, Hals nilimjua. Nini kilimpata? Alikufa mapema?

---

Brashi_na_Rangi

Shikamoo mzee wangu. Hapana, hakufa mapema. Alifariki mwaka 1660 akiwa na miaka 50. Kilichokufa mapema ni jina lake, na si kwamba watu wa wakati wake hawakumjua. Mwaka 1628, akiwa na miaka 19 tu, mshairi Samuel Ampzing alishamtaja katika sifa za mji wa Haarlem. Mwaka 1633 alipokelewa katika chama cha mafundi cha Mtakatifu Luka, ambacho bila uanachama wake huwezi kufungua karakana ukapokea wanafunzi. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kuingia pale. Wapo wanaodhani picha hii ya kujichora ina uhusiano na safari hiyo ya kuomba kuingia.

Mwaka 1635 alikuwa na wanafunzi watatu wa kiume. Mmoja akamkimbia baada ya siku chache tu, akaenda kwa Frans Hals. Judith hakunyamaza, alipeleka shauri kwenye chama. Alidai gilda 8 (fedha ya Uholanzi ya wakati ule) kwa mama wa kijana, akapewa 4. Hals naye akatozwa faini ya gilda 3, kijana akabaki kwake. Judith mwenyewe akatozwa kwa sababu hakumwandikisha mwanafunzi huyo kwenye chama. Naipenda sana habari hii kwa sababu inaonyesha yule binti wa kwenye kiti hakuwa anaigiza. Alikwenda kweli kusimama mbele ya watu kumdai fundi mkubwa kuliko wote mjini.

Mwaka 1636 akaolewa na mchoraji mwenzake, Jan Miense Molenaer, wakahamia Amsterdam. Wakapata watoto watano, wawili ndio waliofika utu uzima. Kuanzia hapo picha zenye alama yake zinakuwa chache mno: kuna ua la tulipu la mwaka 1643, kuna sura ya mtu ya mwaka 1652. Wanaomchunguza wanadhani aliendelea kufanya kazi ndani ya karakana ya mumewe na kusimamia mali yao. Molenaer alipofariki mwaka 1668 vitu vya nyumbani vikaorodheshwa, na kwenye orodha ile kuna picha zilizoandikwa ni za mke wa Molenaer. Mke wa Molenaer, mzee wangu. Mwanamke aliyebeba nyota kwenye sahihi yake.

Baada ya hapo picha zake zikawa zinauzwa kama za Hals, au za mumewe. Hata hii ya kujichora ilipita mikononi mwa watu kwa miaka mingi ikiitwa ya Hals. Fikirieni jambo hilo polepole. Mwanamke amekaa ndani ya picha, ameshika brashi, kazi yake iko nyuma yake, anakutazama usoni. Na bado watu wakasema imechorwa na mwanamume.

Ilikuwa hivyo mpaka mwaka 1893, mtaalamu wa historia ya sanaa Cornelis Hofstede de Groot alipoiona ile alama ya J, L na nyota kwenye picha iliyouzwa kama ya Hals. Akazitafuta nyingine, akamrudishia picha saba.

Hapa naomba niseme langu. Nilipoanza, nilifanya kazi miaka miwili kwenye karakana ya mtu. Sitamtaja, wala sina haja naye tena. Tulichora watatu, na kila picha ikikauka yeye alikuja na brashi nyembamba akaandika jina lake kwenye kona ya chini. Nilikuwa nageuza uso ukutani anapofanya hivyo. Kuna picha ya mama anayemenya muhogo ambayo najua iko kwenye ofisi moja mjini, nimeiona kwa macho yangu, na walinzi waliniambia nisisimame pale. Kwa hiyo nikisoma kuhusu mwaka 1893 sisomi historia ya Wazungu peke yake.

---

Cherehani_Moja

Dada, hapo kwenye muhogo nimelia. Pole sana.

---

Kilele_cha_Mawenzi

Naomba niongeze kitu cha nyumbani kwa sababu kinahusiana kabisa. Kuna dada yetu mzaliwa wa Kilimanjaro mwaka 1954, Everlyn Nicodemus. Alikwenda Uswidi mwaka 1973, maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Mwaka 1982, akiwa na miaka 28, alijichora huko Åkersberga, Uswidi. Picha hiyo ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London mwaka 2022, na ndiyo ya kwanza ya kuchorwa kwa rangi ambayo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe kuingia katika mkusanyiko wao. Miaka 40 toka aichore.

---

Brashi_na_Rangi

Asante sana mkuu. Nilijua jina lake, sikujua kama picha ile ilisubiri miaka 40. Judith alisubiri zaidi ya 200. Kwa nini uso aliouchora mwanamke mwenyewe hukaa kwenye foleni muda wote huo, hilo mtu anaweza kulifungulia uzi wake, nami nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Na kuna kipande kimoja nilikisahau. Mwaka 2016 iliibuka London mnadani picha nyingine ambayo Judith alijichora, ya karibu mwaka 1653. Miaka zaidi ya 20 baada ya hii ya Washington, na ni miaka ileile ambayo wengi walidhani ameshaweka brashi chini. Mzizi wa Mkoko, nadhani hii ni sehemu ya jibu lako. Aliufunika uso wake mara moja, baadaye akarudi kuuchora tena akiwa mtu mzima.

---

Kijana_wa_Mabati

Dada mimi niko kidato cha nne, nachora kwa penseli. Nataka nijichore kama huyu. Nianzie wapi?

---

Brashi_na_Rangi

Mdogo wangu, tafuta kioo, hata kipande cha kioo cha kabati, kiweke pembeni ya karatasi kwa kimo cha macho yako. Usitumie picha ya simu. Simu inaubapaza uso, na inakupa sekunde moja tu ya wewe. Kioo kinakulazimisha ukae na sura yako saa mbili, ndani ya saa mbili hizo uso wa kujiweka vizuri unachoka wenyewe unaondoka.

Kaa na dirisha upande mmoja ili nusu ya uso iwe na kivuli. Anza na kivuli chote kwa pamoja, usianze na jicho. Ukianza na jicho utalipenda, na ukilipenda utaogopa kulisahihisha.

Kumbuka kioo kinageuza. Mkono wako wa kulia, kwenye kioo utaonekana kama mkono wa kushoto wa yule unayemtazama. Judith ameshika brashi kwa mkono wa kulia kwenye picha, kwa hiyo ule mkono hakuunakili tu kutoka kwenye kioo, aliupanga. Nawe panga. Jiulize unataka kuonekana umeshika nini, na nyuma yako kuna nini. Na ukimaliza andika jina na mwaka, mbele na nyuma.

---

Mwalimu_Mstaafu

Na wewe mwanangu, umeshajichora?

---

Brashi_na_Rangi

Mzee wangu, kwa miaka saba sikuwahi. Nachora sura za watu kila siku, yangu nilikuwa naiona kama anasa.

Jumapili nimefunga kibanda, nikabandika turubai. Nimevaa ile nguo ya kitenge niliyoshona kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Nyuma yangu kwenye stendi nimemweka mama mmoja muuza samaki wa Feri niliyemchora mwaka juzi, picha ambayo wateja bado wanaiulizia. Brashi mkononi nimeweka saba, moja kwa kila mwaka. Nitaitundika mlangoni, usawa wa macho ya anayeingia.

Nguo imekaa. Mkono umekaa. Mdomo nimeufuta mara nne, kesho naujaribu tena.